Viatu vya majina makubwa ukiwa Mbeya: anzia Sido, Instagram iwe ya mwisho

Mbeya watu wanavaa. Nenda kwenye sendofu yoyote Jumamosi, utaona suti zimekaa mwilini, magauni yameshonwa yakashoneka, halafu shusha macho miguuni ukute soli imeachama mbele. Pesa yote imeishia juu. Mimi ugonjwa wangu uko chini. Napenda viatu vya majina, vile ambavyo wengi wetu tunakutana navyo kwenye picha: Church's, Ferragamo, Manolo Blahnik, Louboutin na soli yake nyekundu. Na kwa kuwa mshahara wa huku haushindani na bei za Paris, imebidi nijue njia nyingine za kuvipata.

Njia hizo nimezipanga kwa kigezo kimoja: kiatu kiwe bado kiatu baada ya misimu miwili ya mvua zetu, zinazoanza Novemba na kutuachia Aprili au Mei, na vumbi linalofuata hapo. Kinavyong'aa siku ya kwanza sikukipa maksi nyingi.

1. Mtumba wa soko la Sido, Mwanjelwa

Hapa sioni mshindani. Kiatu cha ngozi cha Northampton, mji wa Uingereza ambako Church's walianza mwaka 1873 na Crockett & Jones mwaka 1879, hutengenezwa ili soli ikiisha ibanduliwe na kushonwa nyingine, kisha nyingine tena. Aliyekivaa huko akakitoa sadaka mara nyingi hajakimaliza. Ukikikuta mezani kimelika kisigino tu, umekuta kiatu kizima.

Cha kuangalia kwanza ni mshono. Geuza kiatu ubavu. Ukiona ukanda mwembamba wa ngozi umezunguka ukingo na juu yake uzi unapita, hicho ni kiatu cha welti, kinachoitwa Goodyear, na ndicho unachokitafuta. Kisha chungulia ndani, funua kile kipande cha juu cha kukanyagia. Ukikuta safu ya uzi inazunguka humo, huo ni mshono wa Blake. Waitaliano wanaupenda kwa sababu unafanya kiatu kiwe chepesi na kipinde vizuri, lakini maji ya barabarani yanapanda kwenye matundu ya sindano. Kwa kanisani sawa, kwa Uyole mvua za mwezi wa pili hapana. Usipoona uzi nje wala ndani, umeshika kiatu cha gundi.

Kuna ukanda wa uongo pia, wa plastiki iliyochapwa mishono ya pambo. Ukwaruze kwa ukucha. Uzi wa kweli unazama kwenye ngozi na kutokea upande wa pili. Ule wa pambo unakwenda pamoja na plastiki yake.

Halafu bonyeza soli kwa dole gumba, kwa nguvu. Soli nyingi za povu la poliurethani zinaoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Machoni iko safi kabisa, unatoka nayo Kabwe, ukifika Soweto ya hapa hapa mjini inamwagika vipande. Ikibonyea na kubaki na alama, au ukingo ukitoa unga, rudisha mezani hata kama ni jina gani.

Na nunua kiatu kikiwa kichafu. Vijana wanaosafisha viatu pale sokoni ni mafundi wa kweli: maji, brashi, rangi, Kiwi, na ufa uliokuwa kwenye mkunjo wa vidole hauuoni tena. Muulize muuzaji siku anayofungua mzigo, ufike kabla brashi haijapita. Utaambiwa, "Dada, hicho ni Itali kabisa, soma hapo chini." Soma, lakini usiishie hapo. Muhuri wa Vero Cuoio unasema soli ni ya ngozi basi, na muhuri ni kitu cha kugongwa. Mimi nakipinda. Ngozi nzuri inatoa mikunjo midogo midogo inayopotea ukiachia. Ya plastiki inatoa mkunjo mmoja mnene, au inabanduka kama ganda la kitunguu.

Namba nazo zinawapotosha wengi. Viatu vya Kiingereza vina namba zao: 8 yao ni kama 42 yetu. Kwenye Church's unaweza kukuta 85 F. Hiyo ni namba nane na nusu, na F ni upana wa kiatu. Kuna waliowahi kuruka kiatu kizuri wakidhani hiyo 85 ni namba ya stoo.

Bei ni maneno yako na muuzaji. Kwa moka ya Kiingereza ya welti, mimi nikifika sh 60,000 nasimama, na nakumbuka kuacha kama sh 20,000 au 30,000 ya fundi. Fundi akibandika raba nyembamba juu ya soli ya ngozi, kiatu kinaweza kupita kwenye lami yetu yenye kokoto. Ila mwambie mapema: kiatu cha welti hakigongwi misumari pembeni. Akishaanza kutafuta nyundo, chukua kiatu chako.

Ukiokota J.M. Weston kwenye robota, usiulize mara mbili. Hao ni Wafaransa wa Limoges, tangu 1891, na ndio kiatu wanachokienzi wale mabingwa wa kuvaa wa Kinshasa na Brazzaville, masapeur. Malori ya Kongo yanapita hapa hapa Mbeya kila siku, na sisi tunabaki kuuza viazi kando ya barabara.

2. Ngozi ya nyumbani

Hapa hakuna jina la kujivunia kwenye picha, lakini kwa kigezo changu inashika namba mbili bila ubishi. Kiwanda cha Karanga kule Moshi, cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, kinatoa viatu vya ngozi halisi, vya kazini na vya wanaume hasa. Njia nyingine ni kumpelekea fundi wa hapa mjini picha ya moka ile ya Gucci yenye kichuma cha hatamu, iliyotoka mwaka 1953, na kumwambia akukatie umbo hilo bila kile kichuma na bila jina. Umbo zuri halina mwenyewe. Nenda jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, akuchore kwenye karatasi miguu yote miwili, maana huwa hailingani.

3. Kumwagiza anayesafiri

Kwa kiatu kipya cha jina, hii ndiyo njia pekee ninayoiamini: shangazi, binamu, mtu uliyesoma naye aliyeko Ulaya, aingie dukani mwenyewe atoke na risiti. Ufaransa punguzo la bei lina misimu yake kisheria, Januari na kuanzia mwishoni mwa Juni, kwa hiyo mtumie vipimo mapema.

Nimeishusha hadi namba tatu kwa sababu ya viatu vyenyewe. Chukua Louboutin. Soli nyekundu ilianza mwaka 1993 kwa rangi ya kucha iliyopakwa kwenye kiatu cha majaribio, na hadi leo ni rangi tu juu ya ngozi. Mchuchumio mpya unazidi sh milioni moja na nusu, ukiutembeza kutoka kwenye gari hadi mlango wa ukumbi pale Forest, wekundu umeshaanza kukwanguka. Ndiyo maana mtumba wa Louboutin wenye soli nyekundu inayong'aa na ndani kumechakaa unanitia shaka mara moja: ama umepakwa upya, ama haukuwa wenyewe. Fundi anaweza kubandika raba nyekundu. Wapo wanaoona hiyo ni dhambi. Mimi naona ni akili.

Kumbuka pia vya Kiitaliano vingi ni vyembamba. Mguu mpana, panda nusu namba.

4. Tunduma

Kama kilomita 100 kutoka mjini, na mzigo ni mwingi kweli pande zote mbili za mpaka wetu na Zambia. Kwa raba za watoto na kandambili, nenda. Kwa viatu vya majina utakuta majina yote duniani kwenye meza moja, mapya, kwa bei inayokaribiana, na hapo umeshajibiwa. Ukiwa na safari yako nyingine, pita uangalie mitumba. Nauli ya kwenda kwa ajili ya kiatu peke yake hairudi.

5. "Orijino" za Instagram

Picha ni za kampuni, boksi lipo, mfuko wa kitambaa upo, hadi karatasi ya ndani ipo. Kiatu ndicho feki. Bei ya laki moja na nusu kwa kitu ambacho kwao kinauzwa mara kumi yake haihitaji upelelezi, na Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia lakini haitakurudishia hela uliyotuma kwa simu usiku wa manane. Kinachouma ni kwamba kwa hiyo laki na nusu ungepata pea mbili za welti Sido na hela ya fundi ikabaki.

Wauzaji wachache wanaouza mitumba halisi kutoka Dar wapo humo humo, na wana picha walizopiga wenyewe, za kiatu kikiwa na mikwaruzo yake. Ukimpata wa namna hiyo, omba video: akipinde, aonyeshe ndani, aonyeshe kisigino kwa nyuma. Halafu akitume kwa basi, nawe ulipe pale stendi ukishafungua boksi na kubonyeza soli mwenyewe.