Mapokezi ya Wakatoliki waliopotea, parokia moja ya Ilemela: nyota nne, ofisi imekula moja

Naandika hii kwa ajili ya jamaa zangu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaouliza kila siku "vipi, kule kanisani wanapokea kweli au ni maneno tu". Jibu fupi, wanapokea. Jibu refu lina ofisi ndani yake, na hiyo ofisi ntaifikia.

Jina la parokia sitaji, iko upande wa Ilemela hapa Mwanza, ziwa unaliona ukiwa mlangoni, wanaoijua wameshaijua. Programu yenyewe haina jina la maana, watu wanaita tu "mapokezi", inaendeshwa na paroko msaidizi, katekista mmoja mzee, na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambao kiukweli bila wao hakuna kitu kingeenda. Ni ya Mkatoliki yeyote aliyekaa pembeni, awe mwaka mmoja awe ishirini, kama ulikorofishana na mwenyekiti wa jumuiya, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja, kama ulihamia kwenye makanisa ya maji ya upako ambayo Mwanza hii kila kona yapo, kama ulichoka michango, kama hujafunga ndoa ukaona aibu kukaa kwenye benchi wenzio wakienda Komunyo, wote wanaingia mlango huo huo.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nibaki ni ratiba, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo pointi kubwa. Jumuiya nyingi mjini zinasali Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili mpo kwa mwenyeji mmeshaanza wimbo. Sasa mtu wa dagaa saa kumi na mbili alfajiri yuko wapi jamani? Mitumbwi ndo inaingia, mzigo unashushwa, bei inapangwa hapo hapo, ukichelewa nusu saa umekula hasara, halafu ndani ya hiyo nusu saa wewe unatakiwa uwe kwenye Zaburi. Miaka yote tunaandikwa watoro. Wavuvi wenyewe ndo usiseme, usiku mzima wapo majini. Ila kila anayekaa kando ya ziwa anajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukijaa taa haivuti kitu, mitumbwi inalala na watu wanashona nyavu na kulala na wake zao. Basi hawa watu wa mapokezi wameweka vikao vyao wiki ya mbalamwezi. Tarehe zinahama kila mwezi, mama mmoja ndo kazi yake hiyo, anatuma kwenye grupu la wasapu "mwezi umejaa, njooni", na watu wanajaa kweli, wanaume wa mwaloni ambao hujawahi kuwaona kanisani zaidi ya Krismasi wamekaa kwenye mabenchi na kofia mkononi. Aliyewaza hili apewe soda.

Cha pili, hawakuhoji. Mi nilienda nimejipanga na maelezo yangu marefu, mwenyekiti wa WAWATA, mama wa makamo hivi, kanipokea mlangoni, "Tumsifu Yesu Kristo", "Milele amina mama, shikamoo", "Marahaba mwanangu, unajua kupara samaki?" Nkasema najua. "Basi Jumamosi saa mbili nyuma ya jiko, uje na kisu chako, visu vyetu butu." Imeisha hiyo. Hakuna fomu, hakuna "ulikuwa wapi", na nilipoenda Jumamosi nikakuta mwenzangu wa kushoto ni jamaa ambaye alikuwa shemasi sijui mzee wa kanisa huko kwa nabii mmoja, wa kulia ni mwalimu mstaafu ambaye alisusa tangu wagombanie hela za ujenzi, na wote tuna magamba mpaka kwenye nyusi. Ukishapara sato na mtu masaa mawili huna tena haja ya kujieleza.

Hao sato wanaenda hospitali ya Bugando. Wagonjwa wana utaratibu wao, chakula hiki ni cha ndugu wa wagonjwa. Kama hujawahi kuuguza pale hutaelewa, ile ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, watu wanatoka Kagera, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga, mgonjwa analazwa wiki tatu na aliyemleta hana ndugu mjini, hela imeisha siku ya nne, anashindia chai. Hospitali yenyewe ni ya Baraza la Maaskofu, imefunguliwa 1971, inaendeshwa kwa ubia na serikali, lakini hakuna askofu anayeweza kujua kwamba kuna bibi kutoka Chato hajala tangu jana. Hilo analijua aliyebeba sufuria akapanda nalo kilima. Nimeona mtu ambaye hajaungama miaka mingi akimwekea bibi kama huyo ugali, bibi akamwambia "wabeja sana", asante sana kwa Kisukuma, jamaa akageuka upande wa ukuta akajifanya anafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Kuna pia safari ya Bukumbi, kule Misungwi, kwenye makazi ya wazee. Hiyo ni kufua, kukata kucha, kufyeka nyasi na kupiga stori, na stori ndo ngumu kuliko kufyeka maana wazee wanataka usikilize kwa Kisukuma na vijana wetu wa mjini Kisukuma chao kimeishia kwenye salamu. Katekista njiani alitukumbusha kwamba Bukumbi ndo moja ya misheni za kwanza kabisa huku, Wamisionari wa Afrika walifungua pale 1883, miaka mitano baada ya wenzao wa kwanza kufika ziwani kupitia Kageye. Kwenye gari kelele zilikuwa nyingi, waliosikia ni wachache, ila mi nilipenda.

Hizi jumuiya ndogo ndogo, kwa wasiojua, maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizikalia kikao Nairobi 1976 wakaamua ziwe ndo msingi, wazo likiwa majirani wachache wajuane kwa majina, wasome Neno, wauguzane, wazikane. Wazo zuri sana. Ila kwenye mitaa mingi imebaki kuwa sehemu ya kukusanyia bahasha na kutishana. Nimeishi kwenye jumuiya (parokia nyingine hiyo, sitaji pia) ambapo kila wiki wimbo ni mmoja, "usipokuja utazikwa na nani". Watu wanakuja kweli, wanasaini daftari, wanaondoka. Mtu aliyerudi kwa kuogopa kukosa padri kwenye msiba wake hajarudi bado, huo ndo msimamo wangu na najua wenyeviti hawataupenda. Hawa wa mapokezi sijawasikia wakitaja msiba hata mara moja.

Kitubio wamekipanga vizuri sana. Wanaleta mapadri kutoka nje ya parokia, kwa hiyo humwambii dhambi zako mtu ambaye Jumanne mtakutana dukani. Mmoja wao anajua Kisukuma, foleni yake ni ndefu kupita zote, wazee wanataka kusema mambo yao kwa lugha waliyoyafanyia. Kwenye benchi wameweka vikaratasi vya Sala ya Kutubu kwa waliosahau, na tuliosahau tulikuwa wengi tu, tunasoma midomo inacheza kama watoto wa komunyo ya kwanza. Halafu katekista anakaa nje kujibu maswali. Yule jamaa wa kwa nabii aliuliza kama atabatizwa tena maana kule alizamishwa maji mengi, akaambiwa ubatizo ni mmoja, kipaimara nacho hakirudiwi, wewe tubu ingia ndani. Aliogopa sana kwamba watamuanzisha upya darasa na watoto wadogo, roho ikatulia.

Kwenye ndoa ndo kuna kazi. Kwa kuangalia tu naona nusu ya waliokuja shida yao ni hiyo, mnaishi pamoja, watoto wapo, mahari labda ilishalipwa ng'ombe wote, ila kanisani hamjafunga, kwa hiyo Komunyo hakuna. Hawakudanganyi kwamba itapita tu. Wanakwambia ukweli, kama hakuna kizuizi anzeni mchakato, mtafute vyeti vya ubatizo, matangazo yasomwe Jumapili tatu, mbarikiwe. Cheti kinatakiwa kipya kutoka parokia uliyobatizwa, kwa sababu kwenye daftari la kule ndo ndoa inaandikwa pembeni ya jina lako, hivyo ndo wanajua kama ulishaoa kwingine. Rafiki yangu kabatizwa Kagunguli, kisiwani Ukerewe, ilibidi apande meli ya Nansio kufuata karatasi moja, kalalamika, ila kakuta jina lake na la babu yake kwenye leja na karudi na picha za leja kwenye simu anatuonyesha kama za mtoto mchanga. Wakati mnasubiri hayo mnaruhusiwa kupara samaki, kufua Bukumbi, kusali jumuiya, kila kitu isipokuwa kupokea Komunyo. Wengine hii inawauma na wameondoka, siwalaumu, ila mi naona bora ukweli uliosemwa kwa upole kuliko kukaushiwa.

Sasa ofisi.

Nilienda kuandikishwa jumuiya. Dada wa pale kafungua daftari, hajainua macho, "kaka, kadi ya zaka?", ile ya mchango wa kila mwezi. Nkasema sina, nimerudi juzi. Akachukua kalkuleta, aisee, akaanza kupiga miaka niliyokosa mara miezi kumi na mbili. "Unadaiwa." Nimesimama pale nanuka samaki wa Bugando, nadaiwa. Mwenzangu mmoja wa kundi letu yalimkuta hayo hayo na hajaonekana tena mpaka leo, na yule mtu tulikuwa tumempata kwa shida. Paroko msaidizi alipoambiwa alisema mbele ya wote kwamba kadi inaanza mwezi uliorudi, basi, na akatukumbusha kanuni 848 ya sheria za Kanisa inayosema maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Vizuri, makofi. Lakini kalkuleta bado ipo mezani na wiki iliyofuata kuna mama kapigiwa mahesabu tena. Sipingi zaka, umeme unalipwa, bati linalipwa, katekista naye ana watoto, na kwa haki niseme risiti wanatoa kila shilingi. Napinga mtu kukutana na deni kabla hajakutana na kiti. Nyota moja imeondoka hapo na sirudishi mpaka waelewane, jiko na ofisi viko hatua chache tu lakini utadhani ni majimbo mawili.

Vingine vidogo. Kwenye matangazo ya misa bado wanaita "waliorudi wasimame tuwapigie makofi", wengine wanafurahi, mi nilikaa na nimeona wengi wakiinama kutafuta kitu chini ya benchi, acheni hiyo. Vijana hakuna, VIWAWA, yaani umoja wa vijana Wakatoliki, sijawaona jikoni hata siku moja, ni sisi wenye mvi zinazoanza tu. Spika ya upande wa kushoto inakoroma.

Kwa anayetaka kwenda: ni bure, vikao ni wiki ya mwezi kujaa jioni baada ya misa, jikoni ni Jumamosi saa mbili, beba kisu. Ofisini usiende peke yako, nenda na katekista, nenda kabla ya saa tisa alasiri, na Jumatatu imefungwa.