Mbolea ipi ununue kwa miche ya miti kwenye mashimo ya dhahabu

Shimo la dhahabu likishafukiwa, udongo unaobaki juu ni ule uliotoka chini kabisa: mgumu, hauna mboji. Hapa Busia, Uganda, nimeona watu wakikimbilia urea, mbolea ya naitrojeni, kwa kuwa majani hugeuka kijani upesi. Nakusihi, usianze hapo.

Ya kwanza kununua ni samadi ya ng'ombe iliyooza. Kifusi hakishiki maji wala virutubisho, kwa hiyo ukitia mbolea ya dukani peke yake, mvua kubwa huondoka nayo. Kabla ya kulipa, ingiza mkono katikati ya lundo. Likiwa na joto au likinuka mkojo, bado halijaiva na litaunguza mizizi. Mimi hutia debe moja kwa shimo la sentimita 60, nikichanganya na udongo wowote wa juu niliopata. Samadi ya kuku ni kali. Nusu debe inatosha.

Ya pili ni TSP au DAP, mbolea za dukani za fosforasi; DAP ina naitrojeni pia. Zote mbili zina fosforasi, asilimia 46 hivi ikihesabiwa kama fosfeti (P2O5), na mche usipoipata mizizi hudumaa. Kwa kaliandra na lusina chagua TSP, maana miti hiyo hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Kwa mgrevilea chukua DAP: vizibo viwili vya soda chini ya shimo, kisha funika kwa udongo isiguse mizizi.

NPK 17-17-17, yenye naitrojeni, fosfeti na potashi kwa kiwango sawa, ni ya tatu. Inafaa zaidi kitaluni, kwenye viriba. Urea iwe ya mwisho kabisa, mche ukishashika. Ukiiwahisha, unalisha magugu.

Kilembe, kwenye machimbo ya shaba ya Kasese, ni habari nyingine. Mabaki ya machimbo ya shaba yana madini ya salfa ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali. Huko pesa ya kwanza iende kwenye kupima udongo, Kawanda kuna maabara, na ya pili kwenye chokaa ya kilimo.

Na palipooshwa dhahabu kwa zebaki, mbolea haiondoi sumu. Panda miti ya mbao. Miembe na miparachichi itafutie shamba jingine.

Nunua gunia lililoshonwa kiwandani, hata mkichangiana majirani watatu. Urea ya kupimwa kwa mkebe itie kijiko kwenye glasi ya maji: ya kweli huyeyuka yote na glasi hupoa mkononi. Ukiona mchanga chini, rudisha.