Yunnan Baiyao ya kupuliza kwa kifundo kilichoteguka: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: dawa hii ya Kichina inatuliza maumivu kweli, na kwa mtu aliyeteguka bila kuvunjika naipendekeza. Sharti ni moja, ufuate utaratibu wake kama ulivyoandikwa.

Nafanya biashara ya nguo na mzigo nachukulia Guangzhou, China, ambako hufikia mtaa wa Xiaobei kama Waafrika wengi wa huko. Tulipokuwa tunafunga mabelo nilikanyaga vibaya kwenye ngazi za godauni, kifundo cha mguu wa kulia kikageuka. Kufika jioni kiatu hakiingii, na pembeni ya mfupa damu imevilia, ngozi rangi ya bilinganya. Dada ninayekaa naye akataka kunichua palepale kwa mafuta ya moto, kama tunavyofanya nyumbani. Nashukuru tulitangulia hospitali kupiga picha. Mfupa ulikuwa mzima. Daktari akasema barafu, mguu uinuliwe, na kwa siku mbili za mwanzo hakuna kuchua wala maji ya moto, maana vimishipa vilivyopasuka bado vinavuja na joto linazidisha uvimbe. Ndipo akaandika Yunnan Baiyao.

Boksi lina makopo mawili, jekundu na jeupe, na kazi zao ni tofauti. Mama wa duka la dawa hakujua Kiingereza, na Kichina changu mimi ni cha kupatana bei tu. Akayasimamisha makopo juu ya kaunta. Akagonga jekundu, akanionyesha kidole kimoja. Akagonga saa yake ya mkononi. Kisha akagonga jeupe, akaonyesha vidole viwili. Nilipotafsiri karatasi kwa simu nikakuta ni vilevile: jekundu ni la maumivu makali ya mwanzo, unapuliza kwa umbali wa sentimita 5 hadi 10, sekunde chache tu, na kwa siku isizidi mara 3. Unasubiri dakika 3, ndipo unapuliza jeupe, ambalo ndilo la kuendelea nalo mara 3 hadi 5 kwa siku.

Jekundu linapiga baridi kali na maumivu yanalegea muda huohuo, ingawa hayaondoki yote. Harufu ni ya kafuri, inajaa chumba kizima, kwa hiyo fungua madirisha, na usipulize karibu na jiko kwa sababu kopo linashika moto. Uvimbe ulishuka polepole. Ile zambarau ikawa kijani, ikawa manjano, ikapotea. Siwezi kuipa dawa sifa zote, maana barafu na kupumzisha mguu vilifanya kazi kubwa, lakini usiku nililala, na kwangu hilo lilitosha kurudisha fedha yangu.

Wachina wenyewe wanaiheshimu sana. Ilianza mwaka 1902 kama unga wa tabibu Qu Huanzhang wa mkoa wa Yunnan, ukatumika kuzuia damu, na askari wa Yunnan waliubeba kwenye vita dhidi ya Wajapani huko Tai'erzhuang mwaka 1938. Hadi leo kichupa cha unga kina kidonge kimoja chekundu cha majeraha makubwa, na kopo jekundu limefuata mtindo huohuo. Kanuni yake kamili ni siri ya serikali ya China.

Siri hiyo ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu. Mwaka 2013 idara ya afya ya Hong Kong iliamuru bidhaa kadhaa za Yunnan Baiyao ziondolewe madukani kwa sababu zilikutwa na kemikali za mmea wa akonaiti ambazo hazikutajwa kwenye pakiti. Akonaiti mbichi ni sumu ya moyo. Kampuni ilieleza kwamba namna inavyoutayarisha mmea inapunguza sumu hiyo. Mimi nimeamua unga sinywi, natumia ya nje tu. Mjamzito asiiguse kabisa, wala mtu ambaye spiriti inamdhuru ngozi. Na usipulize palipochubuka. Nilikuwa na mkwaruzo mdogo juu ya kisigino, nikaukwepa mpaka ukakauka.

Wanaotaka kubeba kwenda nyumbani, nunueni plasta za dawa hiihii. Kopo la kupuliza litaishia kwenye meza ya ukaguzi uwanja wa ndege. Na tafadhali, kabla ya kumpa mtu, andika maelekezo kwa Kiswahili na ubandike juu ya boksi, kwa sababu anayepokea Kariakoo hawezi kusoma herufi zile na hana mama wa kumgongea kopo. Mama yangu anameza dawa za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo yeye sikumpa hata plasta. Dawa iliyosifiwa kwa kusimamisha damu sitaichanganya na vidonge vyake kabla daktari wake hajasema ndiyo.