Simuleta ya helikopta: nilikwenda kwa ajili ya upepo tu

Wanafunzi wa urubani wakikaa pamoja, haupiti muda kabla mmoja hajadai kuwa helikopta ikigeuka kuupa upepo mgongo inakula nguvu zaidi, na mwingine akamkatalia. Nimelipia kipindi hiki ili niione geji ya nguvu yenyewe. Simuleta ya kituo hiki ni ya R44, helikopta ndogo ambayo pangaboi lake (mapanga makubwa ya juu) huzunguka kinyume cha saa ukilitazama kutoka juu.

Mkufunzi aliweka upepo usiobadilika wa noti 20 (kama kilomita 37 kwa saa), tukiwa juu vya kutosha, kasi ya hewani, yaani mwendo ukilinganishwa na hewa na si ardhi, noti 60. Nikapiga duara kwa mwinamo uleule. Geji ya nguvu haikujali upepo unatoka wapi. Helikopta ilikuwa ndani ya hewa inayohama, kama mtumbwi unaochukuliwa na mto. Kilichoipandisha geji ni mwinamo: kwa nyuzi 30 pangaboi hubeba mzigo uliozidi kwa asilimia 15 hivi, na kwa nyuzi 60 mzigo huwa mara mbili.

Kisha akatushusha karibu na ardhi, akakifunika kipima kasi ya hewani. Hapa ndipo hela yangu ilipolipa. Upepo ukija nyuma, ardhi inakimbia mno, na mkono wenyewe unataka kuvuta usukani ili kupunguza mwendo. Ardhi ikirudi kwenye mwendo uliouzoea, kumbe kasi ya hewani imeshaanguka hadi noti 20. Kuanzia hapo kushuka chini, pangaboi linapoteza hewa mpya iliyokuwa inalipatia unafuu, na nguvu inayotakiwa inapanda haraka. Kwa hiyo wabishi wote wawili wana lao: geji inapanda kweli, ila anayeipandisha ni rubani anayeitazama ardhi.

Kugeuka papo hapo ukiwa unaelea ni habari nyingine. Kugeukia kushoto kunataka pedali ya kushoto, na panga la mkia linachota nguvu kwenye injini. Kulia kunarudisha kidogo. Upepo wa kushoto ndio mkorofi, kwani unalivuruga panga la mkia, na ule wa nyuma unataka kuizungusha pua iuelekee. (Wanaorusha helikopta za Kifaransa kama AS350 wasome kushoto na kulia kinyume, maana pangaboi lao linazunguka upande wa pili.)

Kasoro zipo. Pedali ni nyepesi mno, na mikupuo ya upepo inakuja kwa mpigo unaotabirika, jambo ambalo upepo halisi haufanyi. Kiti nacho hakitikisiki, wakati ule mtetemo wa kuvuka noti 16 hadi 24, pangaboi linapoipata au kuipoteza ile hewa mpya, ni ishara ambayo mwili unapaswa kuizoea. Kwa mtu anayetaka kujenga wepesi wa miguu, sioni faida kubwa.

Kwa kuuelewa upepo, nenda. Ila omba mapema wakufunikie kipima kasi. Kwenye ratiba yao ya kawaida zoezi hilo halimo.