GPS ya lori kwa barabara ya Kasumbalesa: ramani kwanza, kioo baadaye

Kwa miezi minane lori letu linalobeba shaba limesafiri na vifaa vitatu vya kuonyesha njia, mara nyingine viwili kwa pamoja, kutoka Lubumbashi hadi Durban na mara mbili hadi Dar es Salaam. Mashofere wenzangu wa Kampemba, hapa Lubumbashi, wamekuwa wakiniuliza wanunue kipi, na jibu langu lilibadilika kila niliporudi nyumbani. Sasa limetulia kiasi cha kuandikwa.

Inafaa kwanza kulitenga neno lenyewe. Hapa Lubumbashi ukimwambia mwenye magari kwamba unatafuta GPS, ataelewa kile kisanduku kidogo kinachofichwa nyuma ya dashibodi ili yeye aliyeketi ofisini aone lori limelala wapi, kisanduku kinachohitaji kadi ya simu ili kutuma habari zake. Mimi ninakizungumzia kile kinachomtumikia aliyeshika usukani, chenye kioo na sauti, ambacho hupokea ishara za setilaiti bure na hakili mega hata moja ya mtandao. Setilaiti hizo huzunguka karibu kilomita 20,200 juu ya ardhi, na kifaa kikizipata nne tu kinajua mahali kilipo, iwe mjini au katikati ya miombo baada ya Likasi. Kwa hiyo muuzaji anayekusifia kifaa chake kwamba kinashika ishara kuliko cha jirani anakusifia jambo ambalo kwenye barabara zetu, zilizo wazi chini ya mbingu, halimsumbui mtu. Kinachotofautisha vifaa ni ramani iliyomo ndani.

Niliyajua hayo kwa kulipa. Kifaa changu cha kwanza, cha inchi saba na cha bei ndogo, kilikuwa na picha ya lori kwenye menyu yake, na picha hiyo ndiyo iliyonishawishi. Kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mji ulio mpakani na Zambia, mwendo wa kilomita 90 hivi, kilionyesha mstari mmoja mweupe usio na kitu kando yake. Ndani ya mji kilijua avenyu kubwa tu, na ukiingia mitaa yetu ya Kenya au Katuba kishale kilielea hewani kama mtumbwi. Zambia kilijitahidi, lakini tulipokaribia mpaka wa Botswana kilitutangazia kwa sauti tulivu kwamba tujiandae kupanda kivuko cha Kazungula, ilhali daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lilifunguliwa Mei 2021 na lilikuwa mbele ya macho yetu.

Tangu siku ile daraja hilo ndilo mtihani wangu, nami nampendekezea kila mnunuzi: kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji akiwashe kifaa, aandike safari ya kutoka Livingstone hadi Kasane, kisha usome maelekezo yake moja baada ya jingine. Kikitaja kivuko, ramani ni ya kabla ya 2021, na hata ukipunguziwa bei nusu usikichukue, isipokuwa akuonyeshe hapo hapo kwamba ramani inaweza kusasishwa.

Kifaa cha pili kilikuwa kile kilichotengenezwa kwa malori hasa. Majina yanayojulikana zaidi katika kundi hili ni Garmin dēzl na TomTom GO Expert, na bei yake ni mamia kadhaa ya dola, kwa hiyo ni haki kuuliza pesa hizo zinanunua nini. Zinanunua uwezo wa kukiambia kifaa lori lako likoje: urefu, upana, kimo, uzito wote, uzito wa ekseli, na kama umebeba mzigo wa hatari, jambo ambalo kwetu si dogo, maana yanayopanda kuja migodini mara nyingi ni salfa na asidi. Kifaa hutumia habari hizo kukuepusha na daraja lisiloweza uzito wako au njia iliyokatazwa kwa malori. Hapa uvivu una gharama. Boi-shofere wangu, yaani msaidizi wangu garini, aliandika kimo cha mita 4.3 kwa kuwa aliona namba hiyo mahali, ambayo kwa kweli ndiyo kikomo cha Afrika Kusini. Tulipopima wenyewe kwa utepe, kontena yenye kimo cha mita 2.9 iliyokaa juu ya remorki (tela) yenye kimo cha mita moja na nusu ilikuwa imeshapita hapo. Uzito nao huandikwa ule wa kweli, lori, remorki na mzigo pamoja, hata kama kikomo cha tani 56 kimezoeleka katika nchi nyingi za kusini.

Kuna mtego mwingine kwa wanaoletewa kifaa na ndugu aliye ng'ambo. Garmin huuza dēzl zenye herufi OTR kwa soko la Amerika Kaskazini na zenye herufi LGV kwa soko la Ulaya, na kila moja huja na ramani za kwao. Kifaa kikishuka uwanja wetu wa ndege wa Luano kikiwa kinajua kila kijia cha Texas, hakitakusaidia kutoka hata kwenye lango la uwanja, na ramani ya kusini mwa Afrika itabidi uinunue kando. Hesabu gharama hiyo kabla ya kumshukuru shemeji.

Je, thamani yake ipo? Afrika Kusini ipo bila shaka, kwa sababu huko vikomo vya madaraja na njia za malori vimeandikwa kwenye ramani, na shofere anayeingia Durban kwa mara ya kwanza usiku ataona kwamba pesa zake hazikupotea. Kadiri unavyopanda kaskazini thamani inapungua. Barabara inaonekana, lakini hakuna aliyeandika daraja lake linabeba tani ngapi, na kifaa hakiwezi kukwepa kisichokijua. Katika mkoa wetu wa Haut-Katanga picha ya lori kwenye kioo ni pambo tu: kifaa hukuongoza kama gari dogo, kikiwa kimenyamaza kwa heshima.

Mipaka ndiyo inayonikera zaidi, na hili ni la vifaa vyote. Tazama ramani ya mkoa wetu uone lile jino la Kongo linaloingia ndani ya Zambia. Ukiomba njia fupi kutoka Mufulira hadi Mansa, hesabu ya kilomita inakupitisha Mokambo, unakata ardhi ya Kongo, unatokea kwenye daraja la Chembe juu ya mto Luapula. Kwa kilomita ni kweli tupu. Kwa karatasi ni mipaka miwili, foleni mbili na maelezo mengi kwa watu ambao mzigo wako haukuandikwa kupita kwao. Kwa hiyo usikubali njia yoyote kabla ya kuitazama yote, na kifaa kisichokuruhusu kuongeza vituo vya kati, kama Ndola, Kapiri Mposhi na Chirundu, ili kukilazimisha kufuata njia iliyo kwenye karatasi zako, mrudishie mwenye duka.

Cha tatu si kifaa, ni simu ya kawaida yenye programu ya OsmAnd, inayotumia ramani za OpenStreetMap, kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza 2004. Ramani hupakuliwa mara moja kwa Wi-Fi, kisha hufanya kazi bila mtandao, na unaweza kuchagua wasifu wa lori na kuandika kimo na uzito. Nilishangaa kwamba kwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ndiyo iliyonionyesha mitaa mingi kuliko vyote, tena kijia kisichokuwepo unaweza kukiongeza mwenyewe. Udhaifu wake ni mwili wa simu: kwenye kioo cha mbele saa nane mchana hupata joto, kioo kinafifia, inakataa kuchaji, na mwenye mzigo akipiga simu, ramani inafunikwa na uso wake wakati ule ule unapotafuta kona.

Kuhusu kufunga sitakuwa na mengi. Malori yetu ni ya volti 24, hivyo soma maandishi ya chaja uhakikishe yanasema 12–24, kwa kuwa chaja ya volti 12 pekee inaweza kuungua. Kishikio cha kunyonya kioo hakivumilii barabara ya mawimbi. Tafuta cha kufungwa kwa skrubu. Na kwa kuwa vichwa vingi vya malori yetu vina usukani wa kulia huku Kongo tukiendesha upande wa kulia, shofere huona njia ya kupita wengine kupitia kona ya kushoto ya kioo. Usiweke chochote kwenye kona hiyo. Weka kifaa katikati, chini kabisa.

Kwa anayezunguka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tu, ningemshauri anunue simu ya pili isiyo na kadi, aipakie ramani, abaki na pesa zake. Anayeteremka hadi Durban anunue kifaa cha lori chenye ramani ya kusini mwa Afrika iliyofaulu mtihani wa Kazungula. Mimi nina vyote viwili: tukitoka nyumbani simu ndiyo inayosema, na geti la Zambia likishafunguliwa Kasumbalesa, boi-shofere anaizima, anaiweka kivulini chini ya kiti, na kuwasha kile kingine.