HDF5 1.14 kwenye Raspberry Pi 4: je, inafaa kuikompaili mwenyewe?

Kwa mtu wa Mwanza anayechakata data za ziwa, iwe joto la maji kutoka satelaiti au data za mvua za CHIRPS zinazoanzia 1981, HDF5 (muundo wa faili za data za kisayansi, pamoja na maktaba ya kuzisoma na kuziandika) haikwepeki, maana faili za netCDF-4, zinazotumika sana kwa data za hali ya hewa, ni HDF5 kwa ndani. Maktaba yenyewe ni imara na tunaipendekeza bila kusita. Kuikompaili kutoka msimbo chanzo ni suala jingine: ukiwa huhitaji toleo jipya kuliko lililoko kwenye apt (kisakinishi cha vifurushi cha mfumo), chukua libhdf5-dev uendelee na kazi.

Ukiamua kujenga, kwanza hakiki mfumo wako. `uname -m` inaweza kukuambia aarch64 huku programu zote zikiwa za biti 32, kwa kuwa Raspberry Pi OS ya biti 32 siku hizi huwaka na kerneli ya biti 64. Jibu la kuaminika linatoka kwa `dpkg --print-architecture`: ikisema armhf (yaani biti 32), weka upya mfumo wa arm64 kabla ya kupoteza muda.

Kisha:

`./configure --prefix=/opt/hdf5 --with-zlib=/usr CFLAGS="-mcpu=cortex-a72"`

Ikimaliza, soma muhtasari wake mpaka mwisho. Mstari wa I/O filters lazima uonyeshe deflate(zlib), yaani kichujio cha kubana data. Ukiwa mtupu, zlib1g-dev haipo. Maktaba itajengwa vizuri kabisa, halafu siku ya kufungua faili iliyobanwa utaambiwa "required filter 'deflate' is not registered".

Kwa Pi ya GB 2 tumia `make -j2`. Ukilazimisha -j4, kumbukumbu huweza kujaa, hasa ikifika H5Tconv.c, na kerneli inaua kompaila: "Killed signal terminated program cc1". Hilo si kosa la msimbo. Punguza kazi zinazokwenda pamoja au ongeza swap.

Umeme ni jambo la kupangia mapema. Ukikatika katikati ya make, baadhi ya faili hubaki tupu lakini zina tarehe mpya, kwa hiyo make inaziruka na kosa linajitokeza mbali, wakati wa kuunganisha. Anza na `make clean`, usiendeleze palipokatikia. Na ujengee kwenye SSD ya USB. Kadi ya SD ni ya pole na huharibika kirahisi umeme ukizimika ghafla.

`make check` usiiruke. Kwenye aarch64 ya Linux, long double ni ya biti 128 na hukokotolewa na programu, si na prosesa, hivyo majaribio ya kubadili aina za namba yanakwenda taratibu. Vumilia.

netCDF-C, maktaba ya netCDF inayojengwa juu ya HDF5, ndiyo inayosumbua wengi. Debian huweka HDF5 chini ya `hdf5/serial`, kwa hiyo configure inaweza kuikosa kabisa, au ikachanganya nakala mbili. Ielekeze wazi kwa CPPFLAGS=-I/opt/hdf5/include na LDFLAGS="-L/opt/hdf5/lib -Wl,-rpath,/opt/hdf5/lib". Faili za vichwa (.h) za toleo moja zikikutana na maktaba ya toleo jingine, programu hujizima yenyewe. Kuna watu huzima ukaguzi huo kwa HDF5_DISABLE_VERSION_CHECK. Kwa data za utafiti usithubutu.

Kasi je? -mcpu inaleta kidogo sana, maana muda mwingi unaliwa na diski na kufungua mbano. zlib-ng, mbadala wa zlib, ikijengwa kwa ZLIB_COMPAT inasaidia zaidi, kwa sababu inatumia NEON, maagizo ya prosesa ya kushughulikia namba nyingi kwa pamoja. Kinachosaidia kuliko vyote ni mpangilio wa vipande (chunks) ambavyo data imegawanywa ndani ya faili: ukitaka miaka yote ya nukta moja pale Ghuba ya Mwanza, na kila kipande ni ramani nzima ya siku moja, utafungua ramani zote. Panga upya kwa `nccopy -c`, mara moja tu.

Na ukijenga kwenye Pi 5 kwa cortex-a76 (prosesa yake; ya Pi 4 ni cortex-a72), usiinakili kwenda Pi 4. Inaweza kufa na "Illegal instruction".