Mpira bapa wa mazoezi kwa goti lililosagika: uzoefu wangu, Chake Chake

Nazungumzia seti ya mpira bapa wa mita 1.5 pamoja na ule mfupi wa duara. Pesa yake inastahili, ila kwa mazoezi mawili tu. La tatu, ambalo karatasi ya maelezo imeliweka mwanzo kabisa, ndilo linalochokoza goti.

Rangi zisikudanganye. Mara nyingi manjano ni laini, kisha nyekundu, kisha kijani, lakini kila kampuni na mpangilio wake. Uvute kwa mikono kabla hujalipa. Unaokufaa ni ule ambao mara ya 8 unaanza kuona uzito, na ya 12 unaifika bila kupinda mgongo.

Faida kubwa iko kwenye kuinuka na kukaa kitini. Mpira wa duara uvae mapajani, vidole vinne kutoka gotini. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, inama mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, ndipo uinuke. Mpira unataka kuyagonganisha magoti. Wewe yasukume nje. Kazi yenyewe hasa iko kwenye kushuka: hesabu hadi 3. Fanya mara 8 hadi 12, mizunguko 2 au 3, siku 3 kwa wiki. Barazani usianzie, pafupi mno, na goti likikunjwa sana, pia ya goti (kile kifupa cha mbele) inagandamizwa zaidi. Chukua kiti cha kulia chakula, weka mto mgumu juu yake. Ukiwa bado unajibwaga puu, ongeza mto.

La pili, funga mpira mrefu kwenye nguzo ya kitanda cha samadari au nondo ya dirisha, usawa wa goti. Itazame nguzo, mpira upite nyuma ya goti, likunje kidogo kisha linyooshe huku umekaza paja kwa sekunde 5. Kitanda chepesi kitakufuata. Goti lisirushwe nyuma likapitiliza.

Sasa hilo la kukaa na kunyoosha mguu mbele. Mpira kadiri unavyovutika ndivyo unavyokaza, kwa hiyo uzito unafika kileleni mguu ukikaribia kunyooka, pale pia inapogusana na mfupa wa paja kwa sehemu ndogo tu. Anayeumwa mbele ya goti akipanda ngazi ataliona hapo hapo. Aishie nusu ya njia, au aachane nalo: taulo lililoviringishwa chini ya goti, alikandamize kwa sekunde 5, mara 10. Halina gharama hata senti.

Maumivu kidogo si neno. Yakipita 5 kati ya 10, au goti likaamka limevimba kuliko jana, punguza mzunguko mmoja, usiache kabisa. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Goti jekundu, la moto, na homa juu yake, hilo ni la hospitali.

Kasoro yake kubwa kwetu huku ni kutodumu. Joto na unyevu vinaufanya unate, na mafuta yanaumaliza kabisa. Ukishajichua mafuta ya nazi au ya karafuu, uvae juu ya suruali. Ukichafuka, uoshe kwa maji matupu, uanike kivulini, uupake poda. Kabla ya kila zoezi uvute mbele ya mwanga. Ukiona vijitundu au ufa pembeni, utupe, maana ukikatika unachapa usoni. Mwenye mzio wa mpira aulizie usio na lateksi (utomvu wa mti wa mpira).